Kizuri Hakijiuzi

Maneno kwa wale waanzao biashara, Mkuyuni na Uluguru

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowashinda watu wengi hodari: namna ya kuuza kitu kipya. Hatusemi juu ya duka la chumvi na sabuni, maana kila mtu ajua chumvi ni nini na huinunua bila kuombwa. Twasema juu ya biashara changa, yaani kazi iliyobuniwa na watu wachache, ambayo bado haina jina wala wateja, na wenyewe hawajui bado kama itasimama au itaanguka.

Iko methali tuliyoisikia tangu utoto: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa kitu kilichokwisha kujulikana. Embe bivu likiwekwa sokoni halitaki maneno mengi, kwa sababu kila apitaye alikwisha kula embe. Lakini kitu kipya hakina mtu aliyekila, wala aliyekisifu kwa jirani yake. Kikiwekwa juu ya meza hukaa hapo hapo mpaka vumbi likifunike. Kitu kizuri kisichojulikana ni sawa na kisima kilicho msituni: maji ni matamu, lakini watu wafa kwa kiu njiani.

Atokaye mjini Morogoro kwa njia ya Bigwa na Kiroka hufika Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Na akiendelea atafika Matombo, na hatimaye Kisaki. Upande huu wa milima hupokea mvua itokayo baharini, na kwa hiyo ardhi yake huzaa migomba, michungwa, mifenesi na mananasi, na tena viungo: karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki. Mali hii si haba. Walakini sehemu kubwa yake huondoka mashambani kama ilivyovunwa. Mnunuzi huja na gari lake na bei yake, na mkulima mwenye mgonjwa nyumbani au sare za shule za kununua hana nafasi ya kubishana naye. Wako wanaouza matunda yangali mtini.

Vijana na akina mama wengi wameona jambo hili, nao husema, “Kwa nini tusikaushe wenyewe, tukasaga, tukafunga katika pakiti, na kuuza mjini?” Wazo hilo ni jema. Tena msaada upo. Mjini Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984. Na liko Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Halmashauri nazo zimeagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Lakini kukosa riba si kukosa deni. Siku ya kulipa itafika, kama pakiti zimeuzwa au hazikuuzwa. Na katika nchi ya Waluguru, ambako shamba mara nyingi ni la ukoo wa upande wa mama, kijana aliyeomba sehemu ya ardhi hiyo kwa kazi yake mpya atatakiwa kujibu mbele ya wajomba zake. Kazi ikianguka, hasara si ya fedha tu, mwaka ujao mwenzake akija na wazo jingine ataambiwa, “Tuliwaona wa kwanza.” Ndiyo sababu twaona yafaa kulitazama jambo hili la kuuza kwa makini, kabla ya kununua mashine ya kusagia.

Tuchukue mfano. Tuseme vijana watatu wa Mkuyuni wameungana, nao wamefunga pilipili manga na mdalasini katika pakiti mia mbili. Je, wafanye nini?

Neno la kwanza: wenye biashara wauze wenyewe. Wengi hawapendi kazi hii. Husema, “Sisi ni watengenezaji, na tumtafute mtu mwenye ulimi mtamu, atuuzie.” Tena wengine huona haya kutembeza bidhaa mlango kwa mlango, kana kwamba ni kuomba. Lakini mwuzaji wa kuajiriwa aweza kupita katika njia iliyokwisha kufyekwa, hawezi kuifyeka. Akiulizwa swali gumu hana jibu, na akikataliwa hurudi na neno moja tu, “Hawataki.” Mwenye mali akikataliwa huuliza kwa nini, na jibu lile laweza kuigeuza kazi yake yote.

Hata wakubwa wa leo walianza hivyo. Mwaka 2008, katika mji wa San Francisco huko Marekani, watu watatu, Brian Chesky, Joe Gebbia na Nathan Blecharczyk, walianzisha kampuni iitwayo Airbnb, ya kuwakutanisha wageni na watu wenye vyumba vya kupangisha. Mwanzoni wateja walikuwa wachache. Mwaka 2009 waanzilishi walikwenda New York kuwatembelea wenye nyumba, wakaona kwamba picha za vyumba vyao zilikuwa mbaya mno. Basi walichukua kamera, wakaenda nyumba kwa nyumba kuwapigia picha nzuri, na mapato yakaongezeka. Kama wangalikaa ofisini wakimngojea mwuzaji alete habari, wasingalijua neno hilo upesi hivyo.

Neno la pili: kabla ya kusema, sikiliza. Mgeni katika kuuza hudhani kazi yake ni kusifu. Husimama mbele ya mama lishe akieleza habari za milima ya Uluguru, na uzuri wa karatasi, na shida alizozipata, mpaka wali wa yule mama waungua. Afadhali angaliuliza. Lakini hapa pana mtego, na watu wetu wa pwani na bara huuficha mtego huu ndani ya adabu. Ukimwuliza mtu, “Je, pilipili yetu ni nzuri? Utanunua?” atakujibu, “Nzuri sana, mwanangu, Mungu awabariki. Leteni, tutanunua.” Hasemi uongo, anaona vibaya kumvunja moyo kijana. Wewe ukirudi nyumbani ukaandika kwamba umepata mteja, umeandika juu ya maji.

Basi usimwulize mtu habari za kesho; mwulize habari za jana. “Mama, mara ya mwisho ulinunua pilipili manga wapi? Kwa bei gani? Ilikaa siku ngapi? Je, ulipata taabu yo yote nayo? Ukafanyaje?” Maswali haya hayana haya ndani yake, na majibu yake ni ya kweli, kwa kuwa ni mambo yaliyotendeka. Labda vijana wetu watasikia kwamba mama huyu hajali karatasi nzuri hata kidogo. Kinachomsumbua ni mchanga na vijiti ndani ya pilipili, na ladha inayobadilika kila wiki. Labda mpishi wa pilau za arusi atawaambia kwamba apenda viungo vilivyokwisha kuchanganywa kwa kipimo, kiasi hiki kwa kilo moja ya mchele, ili msaidizi wake asikosee. Hapo vijana watatu wamepata kitu chenye thamani kuliko pesa za pakiti moja.

Afrika ya Mashariki ina mfano mkubwa wa jambo hili, na wengi wenu mnao mfukoni. Mnamo Oktoba 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom zilifanya jaribio la M-Pesa nchini Kenya kwa wateja mia kadhaa. Nia yao ya kwanza haikuwa ile tuijuayo leo. Walitaka kuwasaidia watu waliokopa fedha katika chama cha mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini walipowatazama watu wakiitumia, waliona kwamba walifanya mambo mengine: walitumiana fedha, na kuwanunulia jamaa zao walioko mbali muda wa maongezi. Basi wenye kazi hawakusema, “Watu hawa wanakosea.” Walifuata walichokiona, na ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, neno walilolitangaza lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata huduma hiyo ilianza na Tanzania. Laiti wangalishikilia mikopo tu, labda leo tusingalijua jina lake.

Neno la tatu: chagueni watu wachache wenye shida moja. Ukiwauliza vijana wetu, “Pakiti hizi ni za nani?” watajibu, “Ni za kila mtu, maana kila mtu hula.” Jibu hilo ladanganya. Mwenye kufukuza sungura kumi hurudi na jasho. Mama wa nyumbani anunua viungo kidogo kidogo. Mwenye hoteli hutaka vingi kwa stakabadhi. Mtalii hutaka zawadi ya kupeleka kwao. Mwuza chai katika kituo cha mabasi cha Msamvu hutaka kile kitakachompatia kikombe kitamu kwa gharama ndogo. Hawa wote hawawezi kuhudumiwa kwa pakiti moja, wala kwa maneno mamoja. Chagueni kundi moja, lile lenye shida kali zaidi, lililo karibu, na ambalo watu wake huzungumza wao kwa wao. Wauza chai kumi wa Msamvu wakiridhika, wa kumi na moja atakuja mwenyewe kuuliza. Ndipo methali yetu ya kwanza itakapoanza kuwa kweli.

Mjini Nairobi, mwaka 2014, Peter Njonjo na Grant Brooke walianzisha kampuni iitwayo Twiga Foods, kuwapelekea wachuuzi wa mitaani mazao kutoka kwa wakulima. Hawakuanza na mazao yote ya Kenya. Walianza na ndizi, na mnunuzi wao alikuwa yule mchuuzi mdogo ambaye hapo awali aliamka gizani kwenda soko kuu kutafuta bidhaa. Shida moja, zao moja, mtu wa namna moja. Baadaye kampuni ilipanuka sana, ikaongeza bidhaa nyingi. Na mwaka 2023 ilipata taabu, ikapunguza wafanya kazi wengi. Hatusemi kwamba kupanuka ni kosa. Twasema kwamba kuanza na kidogo ni hekima, na kwamba kupata wateja wengi hakumwondolei mtu kazi ya kuhesabu.

Neno la nne: fedha ndiyo shahidi. Kuonjesha si vibaya. Mchuuzi wa machungwa naye humkatia mteja kipande kimoja. Lakini kutoa pakiti bure mwezi mzima hakuwafundishi kitu, maana kila mtu hupokea cha bure. Mtu akisema kazi yenu ni njema, mwombeni ainunue, hata kama ni pakiti moja ndogo. Semeni bei wazi, kisha nyamazeni. Vijana wengi hutaja bei, na kabla mnunuzi hajafumbua kinywa, wenyewe huanza kuipunguza, kana kwamba wametenda dhambi.

Bei yenyewe ihesabiwe. Tuseme kila pakiti moja inawagharimu shilingi 700, pamoja na pilipili, karatasi, kusagisha na nauli ya pikipiki mpaka mjini, nanyi mnaiuza kwa shilingi 1,000. Mkimpunguzia mwenye duka 300 ili akubali kuiweka, mmefanya kazi bure, na siku mlizokausha na kupepeta hazikulipwa. Heri kuuza kumi kwa faida kuliko mia kwa sifa. Wala msishindane na mwuza pilipili wa kawaida kwa bei tu, maana yeye aweza kushuka kuliko ninyi. Shindaneni kwa kile mlichosikia kwa mnunuzi: usafi, kipimo kisichobadilika, na kufika siku mliyoahidi.

Neno la tano: kukataliwa kuandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno ya wanunuzi ni mali. Tuseme vijana wetu wamewaendea watu 20. Kumi na wawili wamekataa, watano wamesema, “Tutaona”, watatu wamenunua. Wengi wangalirudi Mkuyuni wamejiinamia. Lakini mwenye daftari atauliza: Hawa watatu ni akina nani, nao wanafanana kwa nini? Wale kumi na wawili walikataa kwa bei, au kwa ladha, au hawakuwa na haja? Na wale watano wa “tutaona” wataendewa siku gani? Maana “njoo wiki ijayo” mara nyingine ni kufukuzwa kwa adabu, na mara nyingine ni kweli. Hakuna ajuaye ila yule arudiye wiki ijayo. Mwuzaji mwema harudi kwa kulalamika. Hurudi siku ile ile iliyotajwa, kwa salamu na kwa neno fupi. Akiambiwa “tutaona” mara tatu, amshukuru mtu huyo, amwache, aende kwa mwingine.

Baada ya majuma mawili wawatazame wale watatu walionunua. Kama wawili wamenunua tena bila kusukumwa, hao wawili wana uzito kuliko wote ishirini. Anunuaye mara ya kwanza huenda amenunua kwa huruma, au kwa sababu ni ndugu yenu. Anunuaye mara ya pili amenunua kwa sababu ya kitu chenyewe. Ndiyo sababu twasema msihesabu sana ununuzi wa shangazi na wa mwalimu wenu wa zamani. Upendo wao ni wa thamani, lakini si soko.

Neno la sita: mjihadhari na mnunuzi mkubwa na mali kauli. Siku moja atakuja mtu kutoka Dar es Salaam, aseme, “Nitachukua pakiti zote mtakazofunga mwaka huu, nami nitalipa baada ya miezi miwili.” Moyo utaruka. Lakini ulizeni: Katika miezi miwili hiyo, pilipili ya mkulima mtailipa kwa nini? Na mtu huyu akiacha kununua, wale wauza chai wa Msamvu mliowaacha watawapokea tena? Hatusemi mkatae. Semeni nusu ilipwe wakati wa kupokea, mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi, na sehemu ya kazi ibaki kwa wanunuzi wadogo. Mtego kama huo uko pia kwa mwenye duka anayetaka kuwekewa bidhaa na kulipa zikiisha. Mpeni chache, muweke tarehe ya kurudi, na msiongeze mpaka zile za kwanza zimelipwa. Biashara nyingi changa hufa huku vitabu vyake vinaonyesha mauzo mengi. Zimeuza, lakini hazikulipwa.

Basi, ni lini wakati wa kumwajiri mwuzaji? Ni pale ninyi wenyewe mtakapoweza kuandika katika karatasi moja: mnunuzi wetu ni mtu wa namna gani; anapatikana wapi na saa ngapi; tumwulize nini kwanza; anapinga kwa maneno gani; na sisi humjibu nini. Kama hamwezi kuijaza karatasi hiyo, hamna bado cha kumfundisha mtu, naye atakula mshahara wake akitafuta njia ambayo ninyi mliogopa kuitafuta. Mkiweza kuijaza, mchukueni kijana mwaminifu, mwendeni naye siku chache, mumwache auze mbele yenu, kisha apewe njia yake.

Tena yako mahali pa kujifunzia upesi. Kila mwaka kuelekea tarehe 8 Agosti hufanyika maonyesho ya Nane Nane mjini Morogoro, kwa Kanda ya Mashariki. Wengi huenda huko kupanga bidhaa mezani na kungojea kusifiwa. Nendeni na daftari. Kwa siku chache mtakutana na watu ambao kwa miguu mngewatafuta miezi mingi. Waulizeni yale maswali ya jana, siyo ya kesho.

Na ninyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, msidhani kuuza ni kazi ya wenye maneno mengi na hila. Hila huuza mara moja. Mwuzaji wa kweli ni mtu aliyeichunguza shida ya mwenzake mpaka akaifahamu, akaleta kitu cha kuiondoa, akasema bei yake bila woga na bila uongo. Na kama kitu chake hakifai kwa mtu yule, husema hivyo pia, akampeleka kwa mwingine. Mnunuzi aliyeambiwa kweli siku hiyo hukumbuka. Elimu ya kuuliza, ya kuandika na ya kuhesabu mnayoipata darasani ndiyo hiyo hiyo itakiwayo sokoni.

Kwa ufupi: uzeni wenyewe, sikilizeni kabla ya kusifu, chagueni wachache, ombeni fedha, maana ndiyo shahidi, andikeni kila neno la kukataliwa, msimtegemee mnunuzi mmoja, na msiajiri mwuzaji kabla hamjaijua njia. Hakuna katika hayo lililo gumu kuliko kupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, nao akina mama wa Uluguru wamefanya kazi hiyo miaka mingi. Pilipili imekwisha kukauka, na pakiti zimefungwa. Kesho asubuhi mmoja wenu apande gari la kwanza la mjini, na pakiti ishirini katika kikapu na daftari mfukoni. Asirudi mpaka amezungumza na watu ishirini.